Antena ya CB kwenye Boxer 150: SWR haishuki chini ya 3, na injini ikiwaka nasikia mikwaruzo tu

Keria_ya_Nyuma:

Wakuu habari za humu.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu na redio za CB (redio za mawasiliano za raia). Pikipiki ni Boxer BM150. Redio ni ya chaneli 40, AM na FM, wati 4, ile ndogo ya kufungwa kwenye gari. Antena ni ya faiba, urefu mita 1.2, ina skrubu ya kurekebishia kwenye ncha. Imefungwa kwenye keria ya nyuma upande wa kulia kwa kipande cha chuma chenye bolti mbili za U. Kebo ni RG-58 ya ohm 50, kama mita 2, inapita chini ya siti mpaka kwenye mkoba wa juu ya tangi ilipo redio. Umeme umechukuliwa kwenye waya wa taa ya mbele, na hasi imefungwa kwenye bolti ya fremu.

Vipimo vya SWR (kinachoonyesha nguvu inayorudi redioni badala ya kutoka kwenye antena, 1 ndiyo bora): chaneli ya 1 inasoma 3.6, ya 20 inasoma 3.3, ya 40 inasoma 3.0. Skrubu ya ncha imetolewa mpaka mwisho na namba imeshuka kidogo tu. Ukishika kebo kwa mkono wakati wa kurusha, sindano inacheza. Injini ikiwa imezimwa napokea vizuri, ikiwaka ni tik-tik-tik inayopanda na mafuta, na nyuma yake kuna mluzi.

Matumizi ni msafara wa pikipiki nne, Dodoma kwenda Kondoa, na wakati mwingine barabara ya Iringa kupitia Mtera. Tunataka kusikizana hata tukiachana kilomita 3 au 4 kwa sababu ya vumbi. Sasa hivi kwa mita 600 tayari sauti inakatika.

Je, antena ni mbovu ninunue nyingine? Au nikate kebo? Nawasilisha.

FundiMasafa:

Mkuu, antena yako usiitupe, na usikate chochote kwa sasa. Dalili zote ulizotaja zinaelekea kwenye chuma cha chini, siyo kwenye antena.

Masafa ya CB yanaanzia 26.965 MHz chaneli ya 1 na kuishia 27.405 MHz chaneli ya 40. Wimbi lake lina urefu wa karibu mita 11, robo yake ni mita 2.7 hivi. Fimbo uliyonayo ni robo ya wimbi iliyofupishwa kwa waya uliozungushwa ndani ya faiba. Fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni chuma kilicho chini yake. Gari lina bodi na paa, kazi imekwisha. Pikipiki ina fremu, injini, keria na basi, na mara nyingi vyote hivyo havijashikana kiumeme kwa sababu ya rangi, kutu na raba. Fimbo ikikosa pa kukanyaga, mkondo unatafuta chuma kingine, na kilicho karibu ni ganda la nje la kebo yako. Ndiyo maana ukiishika sindano inacheza: mkono wako umekuwa sehemu ya antena.

SWR ya 3 maana yake robo ya nguvu inarudi. Kwenye wati 4, wati 1 inarudi redioni. Ukirusha kwa muda mrefu hivyo kwenye joto la Dodoma, huku redio imefungiwa mkobani, transista ya mwisho inachemka. Mpaka umalize kazi hii, bonyeza kitufe sekunde chache tu za kupimia.

Anza na keria. Imepigwa rangi, na bolti za U zimekaa juu ya rangi. Fungua kipande cha chuma, piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili zinapogusana, rudisha na washa za meno, kaza, kisha paka grisi au rangi kwa nje tu ili kutu isiingie. Fanya hivyohivyo pale keria inaposhikana na fremu. Usiamini bolti peke yake, maana nyuzi zake nazo zina rangi na gundi.

Halafu unganisha vyuma kwa mkanda. Mkanda mzuri ni ule wavu wa shaba unaovuliwa kutoka kebo nene iliyokufa, RG-213 au RG-8. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, bana ncha kwa vituo vya duara, na lehemu. Kimoja kutoka mguu wa antena kwenda fremu, kimoja keria kwenda fremu upande wa pili, kimoja injini kwenda fremu. Ekzosi nayo ifungwe kwenye fremu karibu na mwisho wake, kwa sababu huwa inaning'inia kwenye raba na inasambaza makelele ya injini. Waya mwembamba mrefu hautoi matokeo hayo hayo hata kama multimita inaonyesha sifuri. Kwenye masafa haya mkondo unapita juu ya ngozi ya chuma, kwa hiyo upana na ufupi ndivyo vinavyohesabika.

Baada ya hapo chukua multimita, weka kwenye ohm, antena ikiwa imefunguliwa na kebo imechomolewa kwenye redio. Pini ya kati ya plagi ya kebo mpaka kwenye bolti inayobeba antena: karibu sifuri. Ganda la plagi mpaka keria, mpaka fremu, mpaka hasi ya betri: chini ya ohm 1. Pini ya kati mpaka ganda: isisome kitu kabisa. Ikisoma, kuna shoti, na mara tisa kati ya kumi shoti iko pale kwenye mguu. Ile washa ya plastiki yenye bega lazima bega lake liingie ndani ya tundu la chuma, ili bolti ya kati isiguse pembeni. Mafundi wengi huiweka juu juu, bolti inakaa upande, inagusa.

Angalizo: pima hivyo antena ikiwa imetolewa. Kuna antena ambazo ndani zina koili inayounganisha kati na ganda, zikiwa zimefungwa zitasoma shoti na ni nzima kabisa.

Ukimaliza hayo, rudisha skrubu ya ncha katikati kabla ya kupima tena. Usipime ukiwa umeegemea ukuta au kibanda cha bati. Toka eneo la wazi, mita kama 5 kutoka kwenye chuma chochote, pikipiki isimame kwa stendi ya kati, na mtu akae juu yake kama anavyokaa akiendesha. Mwili wa mtu ni maji, unabadilisha namba.

Mzee_wa_Ihumwa:

Nakubaliana na @FundiMasafa kwa asilimia kubwa ila mimi ningemwambia atafute kebo ya mita 5.5. Redio za CB zinataka futi 18, hilo linajulikana. Mita 2 ni fupi mno, ndiyo maana SWR iko juu.

FundiMasafa:

Mzee wangu shikamoo, hapo tutenganishe mambo mawili.

Kuna antena za kawaida, kama hii ya mleta mada, na kuna seti zinazouzwa kwa vyombo visivyo na chuma cha kutosha: boti za faiba, baadhi ya pikipiki, magari ya plastiki. Hizo za pili zinakuja na kebo yake maalumu, mita 5 na ushee, na kebo hiyo imehesabiwa kuwa sehemu ya antena. Ukiikata umeharibu seti. Ukichanganya kebo yake na antena ya kawaida, au kinyume chake, SWR haitatulia hata ukeshe. Futi 18 zimetokea hapo na kwenye antena mbili za malori.

Kwa antena ya kawaida yenye kebo ya ohm 50, urefu hauibadilishi antena. Ukiona SWR inabadilika kila unapobadilisha urefu wa kebo, hiyo ni dalili kwamba mkondo unapita nje ya kebo, yaani umerudi kwenye tatizo la chuma. Kebo ndefu inaweza kuificha namba, mita ikasoma 1.5 huku nguvu bado inapotea. Kwenye pikipiki mita 2 zinatosha, na RG-58 kwa urefu huo haili chochote cha maana kwenye 27 MHz.

Kuna matumizi moja tu ya urefu wa kebo ninayoyakubali: wakati wa kupima. Nusu ya wimbi ndani ya RG-58 ya kawaida, ambayo mawimbi yanasafiri kwa 0.66 ya mwendo wa hewani, ni mita 3.64 kwa chaneli za katikati. Kebo ya urefu huo inakuonyesha, upande wa mita, kipimo kile kile kilichoko kwenye mguu wa antena. Ni ya manufaa kwa mwenye NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena) anayetaka kusoma ohm, siyo tu SWR. Na mwenye NanoVNA asijaribu kuirushia redio, itakufa papo hapo. Ile inapima peke yake, redio ikiwa pembeni.

Mzee_wa_Ihumwa:

Marahaba. Sawa, kwa antena ya kawaida nimekuelewa. Lakini kwa seti ile ya boti, kebo iliyozidi unaipeleka wapi kwenye pikipiki? Watu wanaizungusha duara chini ya siti.

FundiMasafa:

Duara dogo ndilo linaloharibu. Linakuwa koili, na koili inazuia mkondo ule ule ambao seti hiyo inautegemea. Ikunje kwa mikunjo mirefu, kama sentimita 30 kwenda na kurudi, kwa umbo la namba 8, uibane katikati na uilaze pembeni ya fremu. Isikae juu ya betri wala karibu na koili ya moto.

Kwa antena ya kawaida ni kinyume: ukishaweka chuma sawa na bado kebo inacheza ukiishika, hapo koili inasaidia. Mizunguko 5 au 6 kupita ndani ya pete ya feriti, karibu na mguu wa antena.

Zuzu_Stesheni:

Mbukwenyi wakuu. Mmemaliza upande wa antena, mimi niingie upande wa umeme kwa sababu mleta mada ameandika kitu kimoja kinachotisha: umeme umetoka kwenye taa ya mbele.

Pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele haitoki betri. Inatoka moja kwa moja kwenye koili za steta (zinazozalisha umeme ndani ya injini), ni umeme wa kupishana (AC), unapanda na kushuka na mafuta. Kabla hujawasha tena hiyo redio, weka multimita kwenye AC volti, injini ikiwaka, pima waya huo. Ikisoma volti kadhaa za AC, ndiyo sababu ya mluzi, na redio inaishi kwa bahati. Hata kama modeli yako taa inatoka betri, waya ule ni mwembamba, unapita swichi na viungio vilivyojaa vumbi, na volti inashuka unaporusha.

Chukua umeme betrini. Chanya kutoka nguzo ya betri, fyuzi ya ampea 3 ndani ya sentimita 15 za kwanza, waya wa milimita 1.5 za mraba. Hasi nayo irudi kwenye nguzo ya betri yenyewe, siyo kwenye bolti ya fremu iliyo karibu. Ukitaka redio izime na ufunguo, tumia rilei ndogo inayoamshwa na waya unaopata umeme wa betri ufunguo ukiwashwa, lakini mkondo wenyewe upite kwenye waya mnene. Redio ya wati 4 inapokea kwa nusu ampea au pungufu, ikirusha inakula kama ampea 1.5 mpaka 2. Betri ndogo ya pikipiki inabeba hilo injini ikiwaka. Injini ikiwa imezimwa, kuacha redio wazi nusu siku ni kujitafutia kupiga kiki.

Pima pia chaji: injini ikiwaka mzunguko wa kati, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, rektifaya imekufa na itachukua redio pamoja nayo. Ikibaki 12.5, haichaji.

Sasa makelele. Usinunue filta kabla hujajua yanaingia wapi. Injini ikiwaka, chomoa antena kwenye redio. Yakipotea, yanaingia kwa hewani kupitia antena. Yakibaki vilevile, yanaingia kupitia waya wa umeme. Kwa kawaida tik-tik inayofuata mzunguko wa injini ni plagi ya moto ya injini, inaingia kwa antena. Mluzi ni chaji, unaingia kwa waya.

Tik-tik: angalia herufi kwenye plagi. Plagi yenye R katikati ya namba, kwa mfano BPR6HS, ina rezista ndani. BP6HS haina. (Hizo nimetaja kuonyesha herufi tu, usiziweke kwenye Boxer, fuata namba ya kitabu chako.) Ukiwa na multimita, plagi yenye rezista inasoma karibu kilo-ohm 5 kutoka juu mpaka ncha ya kati, isiyo nayo inasoma karibu sifuri. Kofia ya plagi nayo ipo ya kilo-ohm 5. Hizi kofia za bei poa zinazojaa mtaani nyingi ni chuma na plastiki tu, hazina kitu ndani, na nyingine zimepasuka moto unavuja nje. Usiku, gizani, injini ikiwaka, utaona cheche zikitembea pembeni ya kofia iliyopasuka. Usirundike rezista juu ya rezista juu ya waya wa kaboni, injini itaanza kuwaka kwa shida asubuhi.

Mluzi: kuchukua umeme betrini peke yake kunaumaliza mara nyingi. Ukibaki, weka filta ya redio ya gari ya ampea 5 karibu na redio.

Na kabla ya yote hayo, chomoa chaja ya USB ya simu iliyo kwenye usukani. Hizo za elfu chache ni mtambo wa makelele, zinajaza chaneli zote 40 mngurumo usiobadilika na mafuta. Taa za LED za mapambo na kifaa cha kufuatilia pikipiki vinafuatia. Washa ufunguo bila kuwasha injini, chomoa kimoja kimoja huku ukisikiliza.

Kama pikipiki zote nne zina redio zenye FM, hamieni FM. Makelele ya plagi yanapanda na kushuka kwa ukubwa, na AM inasikia ukubwa huo huo. FM inayapuuza sehemu kubwa. Lakini lazima wote muwe FM, mmoja akibaki AM atasikika kama anaongea ndani ya pipa.

Bibi_Spana:

Wakuu naomba nidandie hapahapa. Kebo ya king'amuzi, ile nyeupe ya dishi, inafaa badala ya RG-58? Inapatikana kila duka pale Majengo, RG-58 mpaka uagize Dar. Pikipiki ni TVS HLX.

FundiMasafa:

Dada, kiumeme siyo janga: ni ya ohm 75, ukiifunga kwenye mfumo wa ohm 50 unaanza na 1.5 kabla hata hujagusa antena. Tatizo lake liko mikononi. Waya wa kati ni chuma kilichopakwa shaba, kigumu, na pikipiki inatetemeka siku nzima. Unakatika mdomoni mwa plagi. Wavu wake ni alumini, haushiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo fundi anausokota na kuubana, na baada ya miezi michache ya vumbi na mvua za Desemba mgusano unakufa. SWR inaanza kupanda na kushuka bila mpango. Kwa kujaribu uwanjani, sawa. Kwa kudumu, agiza RG-58 yenye waya wa kati wa nyuzinyuzi, siyo wa uzi mmoja. Mita 3 zinakutosha na za ziada.

Plagi ni PL-259, na kwa RG-58 lazima ununue na kipunguzio chake kinachoitwa UG-175. Wauzaji wengi wanakupa plagi tupu, tundu kubwa, kebo inacheza ndani. Ukiambiwa UG-176, hicho ni cha kebo nene kidogo, kinapwaya.

Kufunga: vua ganda la nje, pitisha kipunguzio, funua wavu na uulaze nyuma juu ya kipunguzio, punguza nyuzi zinazozidi, vua plastiki ya ndani ubakize waya wa kati, sokota plagi mpaka mwisho, kisha lehemu pini ya kati na wavu kupitia vitundu vya pembeni. Pasi ya wati 30 haitoshi kwa vile vitundu. Utashikilia muda mrefu, plastiki ya ndani itayeyuka, waya wa kati utagusa wavu. Tumia ya wati 60 hadi 100, gusa haraka, toa. Pima shoti kabla ya kufunga.

Nje ya plagi zungusha tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe, halafu tepu nyeusi ya kawaida juu yake kuzuia jua. Mahali kebo inapoingia kwenye plagi ya chini iache ining'inie kidogo kisha ipande, maji yadondokee pale chini. Maji yakishaingia ndani ya wavu yanapanda yenyewe, na kebo hiyo haikaukiki. Ukivua ganda ukakuta shaba imekuwa nyeusi au kijani, kata mpaka ukute shaba nyekundu, au tupa yote.

Bibi_Spana:

Nashukuru sana mkuu. Nikiifunga kwenye keria pembeni ya kiti cha abiria kuna shida?

Zuzu_Stesheni:

Abiria ndiye shida, dada. Wati 4 hazimuumizi akiwa amekaa, ila akishika fimbo wakati unarusha anaweza kuungua kidole, na SWR inaruka. Ifunge nyuma kabisa ya keria, kona ya upande ambao hapandi wala kushuka, na waya wa ndani uanzie juu kadiri inavyowezekana. Ncha isiwe usawa wa jicho la mtu anayeinama kufunga mzigo.

Na weka springi chini ya fimbo. Njia za vijijini kule Chemba na Bahi zina miiba ya migunga pande zote, fimbo bila springi inang'oa mguu na kupinda keria. Ukumbuke springi inaongeza urefu wa sentimita kumi na kitu, kwa hiyo ifunge kabla ya kupima.

Keria_ya_Nyuma:

Wakuu, mrejesho.

Keria imepigwa msasa, mikanda mitatu ya wavu imefungwa (mguu, keria, injini) pamoja na ekzosi. Kati ya ganda la plagi na hasi ya betri ilikuwa inasoma ohm 38, sasa inasoma 0.3. Waya wa taa ya mbele ulisoma AC kweli, umeme sasa unatoka betrini na fyuzi ya ampea 3. Kofia ya plagi imebadilishwa, plagi ina R.

Makelele: mluzi hakuna. Tik-tik imebaki kwa mbali kwenye AM, kwenye FM haisikiki.

SWR mpya, skrubu ikiwa katikati, mtu amekaa juu: chaneli ya 1 ni 1.4, ya 20 ni 1.7, ya 40 ni 2.1. Ukishika kebo sindano haichezi tena. Sasa mbona imegeuka? Mwanzo chaneli ya 1 ndiyo ilikuwa juu, leo ya 40.

FundiMasafa:

Imegeuka kwa sababu sasa antena ina nusu yake ya pili, na jumla ya urefu imeongezeka. Kanuni ni hii: SWR ikiwa juu zaidi kwenye chaneli ya 1 kuliko ya 40, antena ni fupi. Ikiwa juu zaidi kwenye ya 40, antena ni ndefu. Mwanzo ilionekana fupi kwa kukosa chuma, leo ni ndefu kidogo. Ungeiongezea urefu wiki iliyopita, leo ungekuwa unatafuta namna ya kuurudisha.

Ingiza skrubu ndani kidogo kidogo, nusu mzunguko, pima chaneli ya 1, 20 na 40, rudia. Kila ukibadilisha chaneli rudisha mita kwenye kuseti: swichi upande wa FWD (nguvu inayokwenda), bonyeza kurusha, zungusha kitufe mpaka sindano ifike mwisho wa kipimo, hamisha kwenda REF (nguvu inayorudi), soma. Watu wanaseti mara moja kwenye chaneli ya 20 kisha wanasoma zote, namba zinadanganya. Lengo lako ni chaneli ya 1 na ya 40 zilingane. Fimbo fupi ya mita 1.2 ina nafasi nyembamba, usitarajie 1.1 kila mahali. Ukipata 1.5 pembeni na 1.2 au 1.3 katikati, funga nati ya skrubu na uachane nayo. Kutoka 1.5 kwenda 1.2 hakuna sikio litakalosikia tofauti: kwenye 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu.

Kwa wenye fimbo ya chuma isiyo na skrubu, ambayo inapunguzwa kwa kukatwa, kateni milimita 3 kwa mara moja. Na kabla ya msumeno, jaribuni kuishusha kwenye tundu lake.

Keria_ya_Nyuma:

Sasa hivi ni 1.5, 1.2, 1.5. Asanteni sana. Swali la mwisho: mzigo. Nyuma tunafunga madumu mawili ya lita 20.

FundiMasafa:

Madumu ya maji yakigusa fimbo au yakikaa sentimita chache kutoka kwenye sehemu ya chini yake, namba zitahama, na masanduku ya chuma yatahamisha zaidi. Pimeni mara moja mkiwa mmepakia kamili. Ikibaki chini ya 2 endeleeni na safari. Ikipita, nyanyueni mguu wa antena kwa bomba la chuma la sentimita 20 hadi 30 lililochomelewa kwenye keria, ili sehemu yenye mizunguko ya waya iwe juu ya mzigo. Bomba hilo lichomelewe, lisifungwe kwa bolti juu ya rangi.

Mkiwa karibu karibu, mita chache kati yenu, sauti itapasuka kwa sababu redio ya mwenzako inazidiwa. Punguzeni kitufe cha RF gain (usikivu wa redio), mkitawanyika mrudishe. Skwelchi (kitufe cha kunyamazisha redio kama hakuna anayeongea) iwekeni pale makelele yanapozimika tu. Ikipandishwa sana, wa mwisho kwenye msafara ndiye wa kwanza kupotea.

Mzee_wa_Ihumwa:

Niongeze la vibali, maana hakuna aliyeligusa. Vifaa vya redio viko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na msimamizi ni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma. Peleka jina na modeli ya redio yako, ulize kuhusu uidhinishaji wa kifaa na leseni ya masafa kabla ya msafara, mjibiwe kwa maandishi. Na yale maboksi ya kuongeza nguvu wanayouza mtandaoni, wati 100 na kuendelea, yaacheni. Kwanza betri ya pikipiki haiyawezi.

Zuzu_Stesheni:

Kweli mzee. Na kama mtasikia Kihispania au Kireno mchana katikati ya barabara ya Kondoa, redio ni nzima. Jua likiwa limechangamka masafa haya yanagonga tabaka la juu la angahewa na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Hameni chaneli yenye utulivu, mkubaliane ya akiba kabla ya kutoka Msalato.

@Keria_ya_Nyuma mkifika Kondoa kaza tena bolti za U na nati ya mguu wa antena. Weka nati zenye raba ya nailoni ndani, au gundi ya nyuzi. Kwenye vipande vya changarawe bolti ya kawaida inalegea ndani ya siku moja, na ikilegea SWR inaanza kucheza kila ukipita tuta.

Keria_ya_Nyuma:

Nati za nailoni namba 10 na 12 zipo, nafunga leo jioni. Pikipiki ya pili ni Honda yenye keria ya alumini, mkanda wa shaba utaishika?

FundiMasafa:

Utaishika, ila shaba na alumini zikikutana na maji zinalana. Weka washa ya chuma kisichoshika kutu katikati yao, paka grisi, na ifungue kuikagua kila baada ya mvua kubwa. Ukikuta unga mweupe, piga msasa na urudishe.